Lalamiko la kazini kiwandani: namna ya kuliandika, kulikabidhi na kulifikisha CMA kabla siku hazijaisha

Mfanyakazi amerukwa kwenye orodha ya mafunzo ambayo wenzake wote wa kitengo wamepelekwa. Mwingine amerudi kutoka likizo ya uzazi, akakuta nafasi yake ina mtu. Mwingine ni kiziwi, ameitwa kwenye kikao cha nidhamu bila mkalimani, ametoka na onyo asilojua linahusu nini. Maswali ninayopata kutoka Mtwara na Lindi ni ya aina hiyo, na karibu wote wanaoniuliza wamefanya jambo lilelile: wamekwenda kumwambia supavaiza kwa mdomo, wakajibiwa "tunalifanyia kazi", wakasubiri. Walipokuja kushtuka, siku za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zilikuwa zimepita, na kampuni inasema haina kumbukumbu ya lalamiko lolote.

Mwongozo huu unamhusu aliyeajiriwa na kampuni kubwa binafsi huku kwetu kusini: saruji, gesi, ubanguaji wa korosho, madini ya kinywe kule Ruangwa, upakiaji na upakuaji wa mizigo. Unamhusu pia kibarua na yule aliyeletwa kiwandani na wakala. Watumishi wa umma wana njia yao, hapa sitaigusa.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze kuandika chochote kabla hujavikusanya hivi:

- Mkataba au barua ya ajira. Kama hukupewa, usikate tamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa unakuwa wake.
- Hati za mshahara za miezi ya karibuni. Kama unalipwa kwa simu, tunza ujumbe wa malipo. Kama unalipwa benki, chukua taarifa ya akaunti.
- Kitambulisho cha getini na taarifa ya michango yako ya NSSF. Kwa kibarua, hivi viwili mara nyingi ndivyo pekee vinavyoonyesha alikuwa akifanya kazi kwa nani.
- Nakala ya utaratibu wa malalamiko wa kampuni. Kampuni kubwa karibu zote zinao, hasa zenye wabia au wakopeshaji wa nje, kwa sababu Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Biashara na Haki za Binadamu ya mwaka 2011 inazitaka ziwe na njia ya kusikiliza malalamiko. Uombe kwa maandishi ofisi ya rasilimali watu.
- Daftari moja la kurasa zilizoshonwa. Karatasi za kuchanika zinapotea, na zinazua maswali.
- Kalenda ya ukutani, na pesa kidogo ya fotokopi.
- Mtu mmoja wa kusimama na wewe: mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, au mfanyakazi mwenzako unayemwamini.

Kuhusu huyo wa chama: sheria inaruhusu tawi lenye wanachama zaidi ya 100 kuwa na wawakilishi 15, na angalau watano kati yao wawe wa kuwawakilisha wanawake, iwapo kuna wanawake walioajiriwa ambao ni wanachama. Kama tawi lenu ni kubwa na huwajui hao watano, waulize viongozi wa tawi kabla ya kuilaumu menejimenti.

## Hatua ya 1: Jua lalamiko lako ni la mlango upi

Hapa ndipo wengi wanapoteza wiki nzima kwa kugonga mlango usio wake. Afisa Kazi anakwambia nenda CMA, CMA wanakwambia hili ni la polisi, na kalenda inatembea.

Ubaguzi na unyanyasaji. Kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU, umri, na mingine. Kinagusa tangu tangazo la kazi hadi kufukuzwa, na katikati hapo yamo mafunzo, upimaji wa utendaji na upandishwaji vyeo. Watu wengi hawajui kwamba kunyimwa mafunzo kwa sababu ya mimba au ulemavu ni suala la kisheria kama lilivyo suala la mshahara. Unyanyasaji wenyewe, sheria inauhesabu kuwa ni aina ya ubaguzi.

Nisimame kidogo kwenye "mahali anakotoka", maana huku kwetu ndiko maneno yanakowaka. Mtu wa Nanyamba akiambiwa "nyie wa huku hamuwezi mashine", huo ni ubaguzi. Fundi aliyetoka Mwanza akinyimwa kupanda cheo kwa sababu tu si mwenyeji, na huo pia ni ubaguzi. Lakini kampuni ikiweka mpango wa makusudi wa kuwainua waliokuwa nyuma, kwa mfano kuwafundisha vijana wa vijiji jirani au wanawake kazi za ufundi, sheria haiuhesabu kuwa ubaguzi. Usiandike lalamiko la kupinga mpango wa namna hiyo ukidhani una kesi.

Kuachishwa kazi. Mlango wake ni CMA. Kama hujatimiza miezi 6 na mwajiri huyo, madai ya kuachishwa isivyo halali hayakuhusu. Lalamiko la ubaguzi bado unaweza kulipeleka.

Masharti ya msingi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mambo haya yakivunjwa kwa watu wengi kwa pamoja, anza na Afisa Kazi wa mkoa, kwa sababu yeye anaweza kuingia kiwandani kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza.

Usalama na ajali. Mazingira hatarishi ni ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kuumia kazini ni kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na taarifa inaanzia kwa mwajiri. Hakikisha ajali imeandikwa siku ileile.

Jinai. Kushikwa, kubakwa, kutishiwa: polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyohiyo. Kuombwa ngono ili upate kazi, mkataba au cheo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Utaratibu wa ndani wa kampuni hauchukui nafasi ya milango hii, na yeyote anayekushauri "tuyamalize humuhumu" kwenye jambo la jinai hakutakii mema.

Wewe si mfanyakazi. Mwanakijiji aliyeathiriwa na kampuni kwa ardhi, vumbi au walinzi hana kesi CMA. Anaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na bahati nzuri ina ofisi ya tawi Lindi mjini.

Umemaliza hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Lalamiko langu ni la aina hii, na nikikwama ndani, mlango wa nje ni huu."

## Hatua ya 2: Weka tarehe kwenye kalenda kabla hujaandika barua

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Mgogoro mwingine wowote wa kikazi, ukiwemo ubaguzi, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Siku hizi zinahesabiwa zote, Jumamosi na Jumapili zimo.

Tuchukue mfano wa kubuni, tutatembea nao mpaka mwisho. Mfanyakazi wa kike wa kitengo cha kupakia ana mtoto mchanga. Tarehe 3 Machi majina ya watakaokwenda mafunzo ya kuendesha foklifti yanabandikwa, lake halimo. Anamuuliza msimamizi, anajibiwa mbele ya wenzake: "Foklifti na mtoto wa mgongoni haviendi pamoja." Siku ya 60 kwake ni 2 Mei. Angekuwa amefukuzwa kazi tarehe hiyohiyo 3 Machi, siku ya 30 ingekuwa 2 Aprili.

Sasa kosa lenyewe: watu wanadhani wakishalalamika ndani ya kampuni, siku zinasimama. Kwa lalamiko la ubaguzi, kikao cha rasilimali watu kikiahirishwa mara nne, kalenda ya CMA haiahirishwi hata mara moja. Kwa kuachishwa kazi, kanuni inaruhusu kuhesabu kuanzia siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho, mathalani alipoikataa rufaa yako. Lakini ukitegemea hilo na kampuni isiijibu rufaa, mtaishia kubishana kuhusu tarehe badala ya haki yako.

Kwa hiyo andika tarehe mbili. Ya kwanza ni ukomo wa sheria. Ya pili ni yako mwenyewe: siku ya 15 kwa aliyefukuzwa, siku ya 40 kwa mengine. Ikifika hiyo ya pili na jibu hakuna, unakwenda CMA, hata kama ofisi inakuita "mama, vumilia kidogo". Kufungua mgogoro hakukuzuii kupatana baadaye.

## Hatua ya 3: Kusanya ushahidi bila kujitia hatiani

Fungua daftari. Kila tukio lina mistari minne: tarehe na saa, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Andika siku ileile, kwa sababu maelezo yaliyoandikwa miezi mitatu baadaye yanayumba ukiulizwa maswali. Na andika maneno, usiandike hisia. "Alinidharau" haimsaidii msuluhishi. "Alisema foklifti na mtoto wa mgongoni haviendi pamoja, walikuwepo wapakiaji wawili wa shifti ya asubuhi" inamsaidia.

Tafuta cha kulinganisha. Ubaguzi mara nyingi unaonekana pale watu wawili wenye sifa sawa wanapotendewa tofauti. Katika mfano wetu: nani amechaguliwa, ana muda gani kazini, ana cheti gani ambacho mama huyu hana? Kama ana cheti cha VETA na aliyechaguliwa hana, hilo ni jambo zito. Ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba ubaguzi ulitokea, sheria inamgeuzia mwajiri kazi ya kuthibitisha kwamba haukutokea. Huhitaji kumaliza kila kitu wewe.

Maonyo mawili, na ya kwanza ni kwa watu wa gesi hasa. Usiingize simu kwenye eneo lililokatazwa ili upige picha ya ushahidi. Marufuku ile ipo kwa sababu ya mlipuko, na ukikamatwa utakuwa umempa mwajiri sababu halali ya kukuondoa kazini huku lalamiko lako likifa. Tangazo la ukutani lisome, linakili kwa mkono, au piga picha pale linapobandikwa nje ya eneo hilo.

La pili: usichukue faili wala barua pepe za ofisi zisizo zako. Omba nakala kwa maandishi. Wakikunyima, barua ya kuomba yenyewe ni ushahidi.

Kitu kimoja zaidi ambacho watu hawakiulizi. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Inamtaka pia abandike mahali pa wazi tamko la haki za wafanyakazi. Uliza ulipo mpango. Tazama kama tamko lipo ukutani. Ukiuliza kwa barua na ukajibiwa kwa kimya, kiandike hicho kimya kwenye daftari, na tarehe yake.

## Hatua ya 4: Andika barua ya ukurasa mmoja

Barua nyingi ninazoziona zina kurasa nne, zinaanza na jinsi mtu alivyoitumikia kampuni kwa uaminifu, zinamalizika kwa kumwomba Mungu awalaani viongozi. Anayeisoma haoni mtu anataka nini. Fuata sura hii:

> Jina kamili, namba ya kitambulisho, kitengo
> Tarehe
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba)
>
> YAH: LALAMIKO LA KUNYIMWA MAFUNZO YA FOKLIFTI KWA SABABU YA MAJUKUMU YA KIFAMILIA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 1. Tarehe 3 Machi majina ya watakaohudhuria mafunzo ya foklifti yalibandikwa kwenye ubao wa kitengo cha kupakia. Jina langu halikuwemo.
>
> 2. Siku hiyo, saa 4 asubuhi, nilimuuliza msimamizi wa shifti. Alijibu: "Foklifti na mtoto wa mgongoni haviendi pamoja." Walikuwepo (majina).
>
> 3. Nina cheti na muda kazini unaotakiwa (nakala zimeambatishwa). Naamini nimeachwa kwa sababu ya majukumu ya kifamilia, jambo linalokatazwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini.
>
> 4. Naomba: (a) niingizwe kwenye mafunzo haya au awamu ijayo, kwa tarehe itakayoandikwa, (b) nipewe kwa maandishi vigezo vilivyotumika kuchagua, (c) nijibiwe ndani ya siku 14.
>
> Sahihi
> Nakala: Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi

Aya ya 4 ndiyo moyo wa barua. Lalamiko lisilo na ombi linajibiwa kwa pole. Omba kitu kinachoweza kupimwa: tarehe, jina kwenye orodha, kiasi cha fedha, nakala ya waraka. "Haki itendeke" haipimiki.

Andika Kiswahili. Hakuna sababu ya kumtafuta mtu akuandikie Kiingereza ambacho wewe mwenyewe utashindwa kukieleza kikaoni.

Kama mlalamikaji ana ulemavu, ongeza aya ya mahitaji: mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa, chumba cha chini kisicho na ngazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na kampuni zinapenda sana kuitaja hiyo asilimia kwenye taarifa zao. Asilimia hiyo haina maana kama mtu akishaingia getini haelewi kinachosemwa kwenye mkutano wa usalama wa asubuhi. Mkalimani mnaweza kumpata kupitia CHAVITA, chama cha viziwi, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kampuni ndiyo igharamie, na mwombe kabla ya kikao, si siku ya kikao.

Barua ikiwa nzuri, mtu asiyekujua ataisoma kwa dakika mbili na kukwambia kilichotokea na unachotaka. Mjaribu jirani.

## Hatua ya 5: Ikabidhi mpaka upate muhuri

Toa nakala tatu: ya kampuni, ya chama, na yako. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Barua isiyo na alama ya kupokelewa, kwa mwajiri anayetaka kukana, haijawahi kuandikwa.

Mlinzi wa getini si ofisi. Supavaiza naye si ofisi, labda kama utaratibu wa kampuni umesema uanzie kwake. Kundi la WhatsApp la shifti ndilo baya kuliko yote: utajibiwa kwa vikaragosi, halafu utashtakiwa kwa kuichafua kampuni.

Wakikataa kupokea, usigombane. Andika kwenye nakala yako: "Imekataliwa kupokelewa na (jina), tarehe, saa", na uliyekwenda naye asaini. Kisha itume kwa rejista au EMS pale Posta na utunze stakabadhi, au kwa barua pepe ya ofisi ukiweka nakala kwa chama.

Masanduku ya malalamiko na namba za simu za siri yatumie kwa jambo ambalo hutaki jina lako lijulikane, na dai namba ya lalamiko. Lakini fahamu mipaka yake: lalamiko lisilo na jina haliwezi kukupa mafunzo wala mshahara wako.

## Hatua ya 6: Ukiitwa kikaoni

Nenda na mtu wako. Beba daftari. Omba muhtasari wa kikao uandikwe, na usiondoke kabla hujaahidiwa nakala kwa tarehe.

Ukipewa karatasi ya kusaini, isome yote. Kama ni uthibitisho wa kupokea, andika pembeni ya sahihi "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo". Karatasi tupu au yenye nafasi zilizoachwa wazi usisaini, hata ukiambiwa gari la wafanyakazi linaondoka.

Mara nyingine kikao cha malalamiko kinageuzwa kikao cha nidhamu. Ulikwenda kudai mafunzo, unasomewa makosa ya kuchelewa kazini. Sema kwa utulivu kwamba kwa shauri la nidhamu unahitaji mashtaka kwa maandishi na muda wa kujiandaa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka muda huo usipungue saa 48, na unaruhusiwa kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Sema, kisha hakikisha limeingia kwenye muhtasari.

Na usijiuzulu kwa hasira. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowamaliza wengi wenye haki zao. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa jioni baada ya kutukanwa inambebesha mfanyakazi mzigo mzito wa kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike. Kulalamika si sababu halali ya kukufukuza, sheria inakulinda unapotumia haki yako. Ukishajiondoa mwenyewe, ulinzi huo unaupigania kutoka mbali.

Ukikubaliwa, usipokee kukubaliwa kwa mdomo. "Awamu ijayo tutakuweka" si jibu mpaka iandikwe awamu ipi na tarehe gani.

## Hatua ya 7: Jaza fomu namba 1 ya CMA

Siku yako ya 40 (au ya 15) imefika, jibu halijaja au halijakuridhisha. CMA ina ofisi Mtwara na Lindi. Kufungua mgogoro ni bure, na atakayekuomba "ya kalamu" mripoti.

Unafungua katika ofisi ya eneo mgogoro ulikotokea. Kama kazi yako ipo Mtwara na makao makuu ya kampuni yapo Dar es Salaam, unafungua Mtwara. Usikubali kutumwa Dar.

Sehemu nne zinazoharibu fomu hii:

Jina la mwajiri. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye mkataba au hati ya mshahara, si jina la mtaani la kiwanda. Migogoro inatupwa kwa kumshtaki mtu asiyekuwepo kisheria. Kama uliletwa na wakala na hujui mwajiri wako ni yupi, peleka nyaraka zako kwa msaidizi wa kisheria aziangalie, na uulize kuhusu kuwataja wote wawili, wakala na kampuni.

Aina ya mgogoro. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu. Mama wetu wa foklifti bado yupo kazini, hiyo haimhusu. Akiijaza atakuwa amesema ameachishwa.

Tarehe mgogoro ulipotokea. Ni 3 Machi. Tarehe ya kuandika barua siyo, na tarehe ya kikao siyo.

Unachodai. Kitaje chote na ukipigie hesabu. Usipokiandika hapa, usitegemee kukipata baadaye, kwa kuwa pande zote zinafungwa na kilichomo kwenye fomu. Kwa aliyeachishwa, kumbuka na stahili za kawaida: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, notisi, kiinua mgongo kama ametimiza sharti la miezi 12 kazini, nauli ya kurudi alikoajiriwa kama aliletwa kutoka mbali, na cheti cha utumishi.

Nakala moja lazima imfikie mwajiri, na CMA wataka uthibitisho kwamba imemfikia. Rudia mbinu za hatua ya 5. Mgogoro usiothibitishwa kumfikia mwajiri hauanzi.

Umechelewa? Kuna fomu namba 2, ya kuomba kupokelewa nje ya muda. Utaeleza umechelewa siku ngapi, kwa nini, na kama kesi yako ina uzito. Kulazwa hospitali ya Ligula, ukiwa na vyeti vyake, ni sababu. "Nilikuwa nasubiri kampuni" kwa kawaida haitoshi.

## Hatua ya 8: Usuluhishi, na baada yake

Tume ina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, zaidi ya hapo ni kwa makubaliano yenu. Unaweza kuwakilishwa na chama, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Hudhuria kila tarehe. Usipofika, mgogoro unaweza kufutwa, na nimeona ikiwatokea watu Oktoba na Novemba, wakiwa shambani Tandahimba au Newala kwenye korosho. Simu ikikosa mtandao, mwambie mwenzako wa mjini apite ofisini.

Ingia ukiwa na mambo mawili kichwani: unachokitaka kabisa, na unachoweza kukikubali. Mama wetu anaweza kukubali awamu ijayo ya mafunzo bila fidia, mradi tarehe iandikwe na vigezo vya uchaguzi vibandikwe kwa wote. Kwa maoni yangu hilo ni bao kubwa kuliko laki kadhaa mkononi, kwa sababu anayefuata kunyimwa atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mkipatana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Kabla ya kusaini angalia mambo matatu: nani anafanya nini, lini, na itakuwaje asipofanya. Msipopatana, chukua hati ya kushindikana kwa usuluhishi na uombe shauri liende kwenye uamuzi. Hapo mashahidi wanaapishwa, na daftari lako linaanza kufanya kazi yake.

Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anakwenda Mahakama Kuu ndani ya wiki 6 tangu alipoupokea, nawe zihesabu kwenye kalenda ileile. Mwajiri akikaa kimya bila kulipa wala kutekeleza, uamuzi unakaziwa kama hukumu ya mahakama. Beba nakala halisi yenye muhuri, fomu namba 1 na kitambulisho chako, na usimwachie mtu yeyote ile nakala halisi kaunta.